Kombe Kabla ya Kisu

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la nne, nikawa nasuka ukili wa mikeka nyumbani kwetu Chumbageni na kulea wadogo zangu. Wa mwisho, msichana wa miaka sita, alikuwa na ngiri. Akilia au kukohoa, uvimbe ulitokeza kinenani kama yai la kuku. Siku moja ulikataa kurudi mpaka jua likatua, na daktari akasema tusingoje tena, apasuliwe. Tukapewa siku, na karatasi. Msomaji pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu, nikaisoma: asubuhi ya kupasuliwa mtoto asile wala asinywe kitu.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Maramba kunisaidia. Nilimweleza habari ya karatasi, akaitikia. Kulipopambazuka nikaenda bombani. Niliporudi niliwakuta wamekwisha vaa, tukaondoka.

Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha kupasulia. Kila mlango ulipofunguka ilitoka harufu ya dawa ya usingizi, tamu na kali, mpaka macho yakatulowa. Dresa aliyekuwa akiwalaza wagonjwa kwa dawa hiyo akatoka kutuuliza.

"Mtoto amekula?"

"Hajala, mwanangu," shangazi akajibu.

Dresa alipogeukia wengine, nikaona doa la manjano kwenye ukosi wa gauni la mdogo wangu. Zafarani. Nikajua amenyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji.

"Ulipewa nini?" nikamnong'oneza.

"Kombe. Na uji, maana kombe lilikuwa chungu."

Shangazi akanifinya paja. "Kombe si chakula, ni dua. Na uji ni vijiko viwili tu. Ukisema watatufukuza, na hiyo ngiri itakwama tena. Utamzika wewe?"

Hilo ndilo lililonitisha hata mimi. Waliongoja zamu walikuwa wengi, na kwa nini karatasi ilikataza chakula sikujua. Lakini niliisoma mwenyewe, na aliyeiandika hakuandika "isipokuwa kidogo".

Nikasimama. "Bwana dresa, amekunywa uji."

Shangazi akageuza uso ukutani. Kabla dresa hajajibu, mlango ukafunguka, harufu ikatujia, na mdogo wangu akatapikia kanga ya shangazi. Ulikuwa uji wa bakuli zima.

"Ndivyo vijiko viwili hivyo, bibi?" dresa akauliza. Watu wa benchini wakacheka. Yeye hakucheka. Akachutama mbele yetu. "Aliyelala kwa dawa hii hakohoi. Huu ungempanda huko ndani ukamwingia mapafuni, nasi tumesimama naye."

Shangazi aliikunja kanga yake polepole.

Hawakutufukuza. Walimlaza wodini ili apasuliwe kesho yake. Asubuhi shangazi akatokea na kombe jingine ndani ya chupa. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Usinitolee macho," akasema. "Mwalimu aliyeliandika kasema hata kuogea lafaa." Akampaka mtoto kichwani na kifuani, kisha akamwambia, "Leo mimi nawe tumefunga."

Mdogo wangu, ambaye kila Ramadhani tulimwambia bado mdogo, alijiona mtu mzima. Nesi alipomletea maji ya kusukutua alikaza midomo. "Nimefunga," akasemea puani.

Wakamwingiza. Nilimsikia akihesabu kama alivyoambiwa, akafika sita, kukawa kimya. Shangazi alivuta tasbihi. Mimi nilikodolea macho kitasa cha mlango. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba mguu mmoja ulikufa ganzi nami sikuthubutu kuunyoosha.

Kisha kikaja kilio. Kilikuwa cha kukwaruza na cha hasira, na kilikuwa chake. Walimtoa akinuka dawa, midomo mikavu, kinena kimefungwa bendeji, uvimbe hakuna.

"Amelala vizuri," dresa akasema, akimtazama shangazi. "Tumbo lilikuwa tupu kama ngoma."

"Alhamdulillahi. Sasa twaweza kufuturu?"

"Yeye bado, bibi. Wewe kale."

"Basi nitamngoja mwenzangu," shangazi akasema, akaketi tena kwenye benchi lile, akasogea kidogo ili nami nipate pa kunyoosha mguu.