Kahawa Iliyolowa Nikiwa Nimevaa Viatu

Kwetu mgeni akiingia nyumbani hupewa kwanza kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochumwa zikiwa bado hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Mwenye nyumba huzileta ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko, akakitoa kwa mikono miwili. Mgeni huchukua mbili, akatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Mtoto wa nyumba hapewi hivyo. Akiitaka kahawa, anajua kikapu kinakaa wapi.

Nilirudi nyumbani, jirani na Bugene, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi katika shule ya mbali, safari ya lori, meli na treni, na nilirudi na viatu vyeusi vya ngozi. Baba alikamua ndizi, pombe ya rubisi ikaiva, majirani wakaja. Mzee mmoja aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akasema, "Huyu sasa ni karani. Jembe likimwona litakimbia."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana niliyaamini maneno yale.

Misheni waliniomba nifundishe watoto katika shule ya nyasi nyuma ya kilima. Nilikataa. Nilitaka ukarani wa barazani kwa chifu, wenye meza, kiti na muhuri. Nafasi ilikuwa moja tu, na aliyekuwa nayo alikuwa na afya njema. Nilipojirudi na kwenda kuwauliza misheni, shule ya nyasi ilikwisha kupata mwalimu.

Basi nikawa mtu wa kungoja. Asubuhi nilipiga viatu rangi, nikaenda barazani. Karani aliniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu aliniambia bwana mkubwa amesafiri. Mwishowe niliacha kuuliza, nikawa nakaa tu kwenye benchi la nje, ili wapita njia wanione mahali penye kazi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Aliuza chumvi na nguo, akanunua kahawa. Siku moja aliniita.

"Kijana, hilo benchi hujalichoka? Njoo kwangu. Utapima kahawa, utaandika, utafagia."

"Kufagia?"

"Mimi mwenyewe nafagia. Duka halijifagii."

Nilimjibu kwamba naingojea nafasi ya serikali.

"Haya, bwana. Ukichoka kungoja, ufagio uko nyuma ya mlango."

Nyumbani mama hakuniruhusu kushika jembe. "Watu watasema ng'ombe wa baba yako waliuzwa bure kukusomesha," alisema. Wenzangu walikula pamoja kwenye jani la mgomba, mimi nikaletewa sahani. Nilikula peke yangu na sikukataa. Lakini jina la karani, ambalo mwanzoni lilitajwa kwa heshima, lilianza kugeuka. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliniuliza, "Karani, leo umeandika nini?" Nikaanza kupita nyuma ya migomba, njia ndefu yenye matope, ili nisikutane nao. Nikifika nyumbani nilikaa kwenye jiwe nikafuta viatu kwa majani.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alikuwa amemaliza madarasa yote ya kijijini, na masista walikubali kumchukua katika shule yao ya bweni. Kahawa ya mwaka ule ilikuwa ya kumpeleka. Kila mtu nyumbani alilijua hilo. Alichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, na kila mbuni aliupa jina. "Huu ni blanketi," aliniambia. "Huu ni sanduku. Ule mkubwa ni sare. Na huu mbaya mbaya ni sabuni." Ile kahawa ikaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, karibu na barabara, ambako jua lilikuwa zuri.

Ilibaki kukauka kidogo tu. Siku hiyo kulikuwa na msiba kilima cha pili, na baba, mama na mdogo wangu wakaenda kuzika. Mimi nilibaki, nikisema huenda mjumbe akaja kutoka barazani. Mjumbe gani? Hakuna aliyeniahidi mjumbe.

"Utatuangalizia kahawa," mama aliniambia, kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni.

Alasiri wingu lilisimama juu ya kilima. Nililiona mapema. Ilikuwa siku ya soko, na barabara ilikuwa imejaa watu wanaorudi na mizigo yao. Kuanua kahawa ni kuinama, kuisukuma kwa ufagio, kukunja majamvi na kuyabeba kichwani. Nilikuwa nimevaa kaptula nyeupe na viatu. Nikajiambia nitaanza watu wakishapita.

Vijana wa rika langu, niliochunga nao ng'ombe zamani, wakafika usawa wa nyumba yetu. Mmoja akapaza sauti, "Karani! Mwandikie barua huyo mvua, mwambie arudi Jumatatu!"

Wakacheka sana. Kumbe hata habari za Jumatatu zilikuwa zimefika sokoni. Lakini yule yule aliyenitania alitua mzigo wake chini, akaitazama mbingu. "Lakini ndugu yangu, kahawa hii italowa. Tukusaidie kuanua?"

Wangeimaliza kabla sijahesabu majamvi. Nami nikajibu, nikiwa nimekaa kitini, "Acheni tu. Wa kuianua wako nyuma ya nyumba, wanakuja."

Akanitazama, akajitwika mzigo wake, wakaenda zao.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Nilingoja waipite kona, na nyuma yao wakaja wengine, na wengine tena. Barabara ilipokuwa tupu matone yalikwisha kuanza. Nikakimbia, nikavuta jamvi la kwanza hadi ukumbini. Kwenye la pili soli za ngozi ziliteleza, nikaanguka juu ya buni. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, na maji yakaichukua kahawa, yakaipeleka kwenye migomba. Nikasimama ukumbini nikitazama. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma zaidi ya uongo wenyewe: nikatafuta kitambaa, nikafuta viatu.

Walirudi wamelowa. Hakuna aliyenifokea. Mdogo wangu alichuchumaa kwenye matope, akaanza kuokota buni moja moja na kuzitia kwenye kanga yake.

"Mvua ilikuja ghafla," nikasema.

Baba alikuwa amekwisha kukutana na wale vijana njiani, na walikuwa wamemuuliza kama watu wetu wa nyuma ya nyumba waliwahi. Hilo nililijua baadaye. Saa ile aliviangalia tu viatu vyangu, vilivyokuwa vinang'aa. Akaingia ndani, akatoka na kile kikapu kidogo. Akafunua mfuniko, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu kahawa, mgeni wetu," alisema. "Tumekuacha peke yako mchana kutwa."

Nikachukua mbili. Nikazitafuna mbele yake.

Mvua iliendelea siku zilizofuata, na kilichookotwa kikaota ukungu. Mimi ndiye niliyekipeleka dukani. Yule mzee alichota kiganjani, akanusa, akatikisa kichwa. "Hii imevunda, mwanangu." Nilingoja aniambie lolote kuhusu ufagio. Hakuniambia.

Juma lile viatu niliviacha chini ya kitanda, nikaenda peku hadi Kyerwa kwenye machimbo ya bati. Nilipewa sururu na koleo, pasipo mtu kuniuliza darasa. Nilichopata nilikituma nyumbani, lakini masista walikuwa wamempa msichana mwingine ile nafasi, na kabla ya mavuno mengine wachumba walikuja. Mdogo wangu aliolewa Nyaishozi.

Ukarani niliupata baadaye, pamoja na meza na muhuri. Watoto wawili wa mdogo wangu niliwasomesha mimi, na watu husema nimemaliza deni. Wao hawajui. Aliyeipa mibuni majina hakuwa mtoto wake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu. Sasa ni bibi mwenye wajukuu wengi. Kahawa yake ilikuwa imeanikwa uani, na jua lilikuwa kali. Aliniletea kikapu.

"Chukua, kaka. Usiogope, leo hakuna mvua."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Katika miaka yote hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusia siku ile. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kumwomba radhi tangu ujana, na hata siku hiyo sikuyasema. Alichukua reki, akatoka kwenda kuigeuza kahawa. Nikavua viatu, nikamfuata, nikanyoosha mkono nipokee ile reki.

"Kaa chini, kaka," alisema, bila kuniachia. "Wewe ni mgeni."

Sikujua kama anatania. Nikarudi nikakaa.