Neno Lililokatwa kwa Nukta

Marie-Jeanne Nabintu alikuwa karani wa mahakama Bukavu kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata alisuka nywele Durban. Ukimwuliza yeye ni nani, atakujibu kwa ile miaka ya kwanza. Hii ya pili huisema haraka haraka, macho pembeni, utadhani anaungama.

Mimi naitwa Rhoda, mtu wa Mbeya. Tunakaa nyumba moja huku Bluff, Durban, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, jiko letu moja. Nafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji bandarini, kazi ya makaratasi ya makontena. Nasema haya mapema ili ujue kwamba naelewa maana ya kosa la herufi moja. Kontena likiandikwa vibaya linaweza kukwama wiki tatu, na mwenyewe ananitukana kwa simu kila asubuhi. Na bado, siku Marie-Jeanne aliponijia na kosa lake, nilimpa ushauri wa hovyo. Tutafika huko.

Mwaka jana mwezi wa saba, mteja mmoja katika saluni ya Cathy, alikosukia Marie-Jeanne, alimsikia akimsomea mwenzake maelezo ya dawa yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Mteja huyo alikuwa Dokta Mthiyane, mwanahistoria mwenye kituo kidogo cha nyaraka Westville. Alikuwa amepata picha za madaftari ya kisiwa kimoja kilichokuwa koloni, ya miaka ya 1820, yameandikwa kwa mkono, kwa Kifaransa, na wasaidizi wake hawakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Kompyuta nayo ilishindwa na mwandiko ule. Dokta alikuwa kichwa chini kwenye beseni, povu masikioni, akauliza: "Mama, unaweza kusoma barua za zamani?"

Wiki iliyofuata Marie-Jeanne alianza kwenda Westville siku tatu kwa juma. Siku ya kwanza tu aliwashinda wote. Madaftari yalikuwa ya sheria za biashara, na neno moja lilirudi kila ukurasa: *patente*. Kwa Kiingereza patent ni hati ya uvumbuzi, kwa hiyo wasaidizi walidhani kisiwa kile kilijaa wavumbuzi wa mitambo. Marie-Jeanne alicheka mpaka akafuta machozi.

"Patente! Mama yangu alikuwa nayo ya kuuzisha sambaza, samaki ndogo ya ziwa. Ni ruhusa ya serikali, njo unalipa ndiyo uweke sahani yako chini kwa soko."

Watu wa Bukavu wakisema *njo*, wanamaanisha *ndiyo*. Ndivyo ilivyokuwa patente pia kisiwani. Kila Januari mchuuzi alikata patente. Ukiuza ndizi, unalipa. Ukitembeza maji, unalipa. Sehemu ya kodi hiyo baraza la gavana liliitenga kwa ajili ya watu waliotajwa kwa neno *indig.*, likiwa limekatwa hivyo hivyo na kuwekwa nukta. Watu hao walipewa mchele na kitambaa. Kwa malipo ya hisani hiyo walivishwa kibati shingoni, na walikatazwa kuuza kitu chochote sokoni. Aliyeshindwa kulipia patente aliandikwa kwenye orodha yao, na aliyekuwa kwenye orodha hakuruhusiwa kuuza hata limau. Sijui waliotunga sheria ile walikuwa wamekula nini.

Marie-Jeanne aliporudi jioni alinisimulia haya akiwa bado amesimama, mkoba begani. Nilimwona mtu mwingine. Alinunua kalamu mbili na daftari, akaanza kupiga pasi blauzi. Dokta Mthiyane alimwambia kwamba maonyesho ya madaftari yakishafunguliwa, kamati ya kituo ingempa mkataba wa mwaka mzima, meza yake, kiti chake. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, vidole vimeanza kukakamaa kwa kusuka. Aliutaka mkataba ule kupita kiasi, naye hakuficha.

Kisha ikaja Jumanne ile. Yalibaki mambo manne tu kabla ya ufunguzi wa Jumamosi, na yote yalikuwa ya kupanga viti. Siku hiyo nilikuwa na ruhusa, tukamsindikiza jirani yetu mzee kwenye ofisi ya manispaa kujaza fomu ya nafuu ya maji. Tumekaa kwenye foleni, Marie-Jeanne anapepesa macho kwenye bango la Kiingereza ukutani. Ghafla akanishika mkono, akanibana.

"Rhoda, soma ile neno."

"Lipi?"

"Ile ya juu, ya kwanza."

"Indigent," nikasoma. "Kaya zisizo na uwezo. Fukara, kwa lugha ya ofisi."

Tulipomaliza na kurudi nyumbani, alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa bila kuvua viatu.

"Mi niko mufu," akasema. "Indig., na point. Karani ya kisiwa aliandikaka tu vile, kila pahali. Na mi niliandika *indigène*. Mara mia tatu na kumi na mbili."

"Na tofauti yake ni nini?"

"Indigène ni mwenye inchi, muntu mweusi wa pale. Wabelgiji njo waliita babu yangu vile, iko kwa kitabu yake ya kitambulisho, nilikuwa naiona nikiwa mutoto. Indigent ni maskini. Maskini tu, wa rangi yoyote. Tu comprends? Sheria yote imegeuka!"

Nilielewa. Dokta Mthiyane alikuwa amejenga maonyesho yake juu ya neno hilo. Mabango manane yalishachapwa, na matatu kati yake yalisema kwamba kisiwa kile kiliwavisha wenyeji kibati na kuwafukuza sokoni kwa sababu ya asili yao. Kumbe waliovishwa ni maskini, weusi kwa weupe, na sababu ilikuwa kwamba hawana kitu.

"Lakini dada, ungejuaje? Mtu amekata neno, ameweka nukta. Laana imshukie yeye."

"Hapana. Nilijua." Akafunika uso. "Kulikuwa muntu moja kwa liste, baharia muzee, alizaliwa Nantes. Nantes, Ufaransa! Indigène gani anazaliwa Nantes? Niliweka alama ya kuuliza. Kisha Docteur akasoma page ya kwanza, akafurahi sana, akanikumbatia. Nikarudi kwa meza, nikaifuta."

Hapo ndipo mimi, Rhoda, mtu wa makaratasi, nilipotoa ushauri wangu. Nilisema nani atajua? Nilisema watu watakuja Jumamosi, watakula sambusa, watapiga picha, wataenda zao. Nilisema chukua kwanza mkataba, kisha katikati ya mwaka "ugundue" kosa taratibu, kama mtu aliyeendelea na utafiti. Nilisema mengi na yote yalikuwa na akili ndani yake. Nilikuwa naogopa kumwona amerudi kusimama saluni saa kumi kwa siku. Hilo ndilo lililonisemesha, na bado sioni kama linanisafisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisimulia habari za ofisi yao Bukavu, ambako watu wasioweza kulipia kesi walikuja kuandikiwa hati ya ufukara, *attestation d'indigence*. Yeye ndiye aliyeziandika, yeye *greffière*, yaani karani wa mahakama. Neno lile lile, kwa mkono ule ule.

"Mama moja alikuja, mujane, hana kitu hata moja. Aliniambia, 'Mama greffière, andika jina yangu muzuri, ju hii papier njo kitu niko nayo.' Nikaandika muzuri, Rhoda. Sasa bale bantu ba kisiwa, karani yao aliwakata na point. Mi nikawageuza bantu wengine. Wanabaki na nini?"

Niliinuka nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Asubuhi alikuwa ameshavaa kabla yangu. Alipiga pasi blauzi, akaivaa, akaivua, akaipiga tena. Nilipiga simu kazini nikasema naumwa, uongo mtupu, nikaenda naye. Nilijiambia naenda kumpa moyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado natumaini atageuza njia. Taxi ya kwanza ilisimama kwenye kila robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, na kila iliposimama nilimwangalia. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, anajifunza sentensi zake za Kiingereza.

Kituo kile ni nyumba ya zamani yenye bustani. Mabango yalikuwa yamekwisha kuning'inizwa ukutani, makubwa, mazuri, maandishi meupe juu ya kijani. Dokta Mthiyane alitupokea kwa furaha, akatuonyesha mahali ambapo watu wa televisheni wangesimama. Marie-Jeanne alimwacha amalize. Kisha akafungua daftari lake na kumwambia yote, kwa Kiingereza kilichokatikakatika, bila kuruka kitu: nukta, babu yake, baharia wa Nantes, alama ya kuuliza, kufuta.

Dokta aliuliza jambo moja tu. "Mara ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Umezihesabu?"

"Ndiyo."

Dokta akacheka kicheko kibaya, kisicho na furaha. "Nimeshasema haya redioni," akasema. "Wiki iliyopita. Mama yangu alisikiliza." Akatoka nje. Kupitia dirishani tulimwona akizunguka bomba la maji bustanini, akalizunguka tena, mikono nyuma. Marie-Jeanne alisimama vile vile, daftari kifuani. Nilimwambia akae. Hakukaa. Jasho lilikuwa limeloanisha blauzi yote mgongoni, na mimi nikawa nawaza tu kwamba kazi yote ile ya pasi imepotea.

Aliporudi, Dokta alikuwa amekunja mikono ya shati. Alianza kushusha bango la kwanza mwenyewe, bila kuomba msaada. Tukamsaidia. Tulishusha matatu, tukayageuzia ukutani.

"Utaandika kwa nini yameondolewa," akamwambia Marie-Jeanne. "Andika kwa Kifaransa, nitatafuta mtu wa kutafsiri. Jina langu liko kwenye yale mengine matano. Lako litakuwa kwenye maelezo hayo."

"Na mkataba?" nikauliza mimi. Ulimi wangu hauna breki.

"Kamati itaniuliza, na nitawaambia ukweli. Sijui watasema nini." Akamgeukia Marie-Jeanne. "Ungenyamaza, nisingejua kamwe. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Aliandika na kuchana. Hakulala vizuri, nami sikulala kwa kumsikia. Kila simu ilipolia aliikimbilia, na zote zilikuwa za wateja wa Cathy wanaouliza nafasi ya kusuka. Alimjibu kila mmoja kwa upole, akawapangia wiki ijayo, wote. Nilipoona ameanza kuwapangia watu, nilikwenda chumbani kwangu nikalia.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye ufunguzi. Yeye alikataa kuingia, alibaki bustanini na sahani ya sambusa isiyoguswa. Kati ya mabango matano palikuwa na ukuta mtupu, na katikati yake karatasi moja ya kawaida, imebandikwa kwa pini nne. Watu walisimama pale kuliko kwingine kote. Nami nilisimama. Iliandikwa kwamba hapa palikuwa na maelezo yaliyotokana na neno lililosomwa vibaya. Kwamba watu waliotajwa walikuwa maskini, wachuuzi walioshindwa kulipa kodi ya kuuza, kisha wakakatazwa kuuza. Kwamba aliyesoma vibaya alitilia shaka, akaweka alama ya kuuliza, kisha akaifuta kwa sababu alitaka kupendwa. Chini yake majina ya baadhi yao, kila moja kamili, na mbele ya kila jina neno zima, bila nukta. Rosalie, muuza ndizi. Yule baharia wa Nantes. Halafu: Marie-Jeanne Nabintu. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuliona jina lake limechapwa popote isipokuwa kwenye kibali cha ukimbizi.

Karatasi ile haikumtaja aliyemshauri anyamaze. Basi nimejitaja mwenyewe hapa.

Jumatano iliyofuata simu ililia ofisini kwangu nikiwa na fomu za makontena mpaka kidevuni. Alikuwa yeye, kutoka Westville, sauti ya chini.

"Wamenipa miezi ine," akasema.

"Si mwaka?"

"Miezi ine. Nirudilie kusoma zote, page kwa page. Kisha wataona."

Nilitaka kumpongeza na nilitaka kuwatukana, yote kwa pamoja.

"Rhoda, sikiliza. Niko mbele ya papier ya contrat. Iko pahali pa kuandika kazi yangu. Docteur ameacha wazi, anasema nijaze mi mwenyewe. Greffière, kwa Kiingereza, wanaandika namna gani?"

Nilimtajia neno, herufi moja moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nilisikia kalamu ikikwaruza, polepole, mpaka herufi ya mwisho.