Kipindupindu cha Nyumbani

Usinikunjie pua, nilikuwepo. Hospitali ilipeleka vijidudu vya wagonjwa wa kipindupindu maabara vikasomwe vinasaba vyote. Jirani yangu wa Ujiji akafuata majibu, nami nikamsindikiza, apate sababu ya kumfukuza mpangaji wake, mkimbizi kutoka Burundi aliyeugua.

"Si ndiye katuletea?"

Mtaalamu wa maabara akapunga karatasi, meno yote nje. "Shikamoo mama! Tumekipata! Kijidudu chake ni ukoo mmoja na tulichohifadhi mwaka juzi, cha hapa hapa Ujiji, kabla huyu hajavuka mpaka. Amekikuta kwenu."

"Kwangu? Mimi nilimkaribisha vizuri, nikampa anywe kata nzima ya maji ya ziwa!"

"Uliyachemsha?"

Jirani akakohoa. "Basi abaki. Ila achemshe maji."

"Anza wewe," nikamwambia, nikatoka, nikafunga mlango.