Uwanja Usiokuwa na Filimbi

Lori la maharage lilisimama kizuizini, na mgambo akakanyaga tairi la nyuma akachungulia nani amekaa juu ya magunia. Akamkuta msichana mrefu, miguu kama ya korongo, kapakata kifuko cha nguo.

"Wewe, jina lako?"

"Recho Manyanda."

"Wa wapi?"

"Kawajense, Mpanda mjini. Nasoma darasa la sita. Baba yangu Manyanda, bibi yangu Hana."

Habari za bibi hakuulizwa. Alizitoa mwenyewe, maana ulimi ulikwishashika mteremko. Mbele, ndani ya lori, Mwalimu Makoye akakohoa. Mgambo akamtazama yule msichana kidogo, akatazama magunia, kisha akashuka na kuinua mti wa kizuizi.

Hakuwa Recho. Alikuwa Annonciata, binti wa Telesfori na Séverine wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo, na mwaka ulikuwa tisini na tano. Miaka ile mtu wa Mishamo hakutoka makazini bila kibali cha ofisi. Telesfori alikuja kwa miguu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akikimbia mauaji. Binti yake alizaliwa hapa hapa, kilima hata kimoja cha Burundi hakijui, lakini kibali kilimhusu sawa na baba yake. Na siku hiyo kibali hakuwa nacho.

Mambo yalianza wiki moja nyuma. Makoye, mwalimu wa michezo wa shule moja ya Kawajense, alikuja Mishamo kutafuta maharage. Akapita uwanjani, akaona wasichana wanacheza netiboli, akasahau maharage. Kulikuwa na mlinzi wa goli mmoja ambaye mpira ulikuwa kama unamwogopa. Kesho yake Makoye akaenda nyumbani kwa kina Annonciata, akamkuta mama peke yake.

"Mama, huyu mtoto mnamzika hapa," alisema. "Recho, mlinzi wangu, ana jipu kwenye unyayo. Huyu achezee fainali ya wilaya kwa jina la Recho. Tukichukua kikombe, mimi namhamishia mjini, darasa la saba atafanyia kule. Wenzake wa kule wanaenda sekondari kila mwaka. Huku wangapi wameenda?"

Hesabu ile Séverine aliijua, kama kila mzazi wa Mishamo. Wa kwenda sekondari walitosha kwenye vidole vya mkono mmoja, na vingine vikabaki.

"Na kibali?"

"Akiwa Recho, kibali cha nini?"

Telesfori aliambiwa na mkewe binti kaenda kwa shangazi yake kijiji cha pili kuvuna. Akaitikia tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na jina lake mwenyewe alilitoa kwa uchache kuliko maneno mengine, maana kwao Burundi walioitwa kwa majina hawakurudi.

*

Kitu kimoja Makoye hakukiona siku ile, au alikiona akakipuuza.

Uwanja wa Mishamo haukuwa na filimbi. Iliyokuwepo iliharibika, na nyingine haikuja. Mwalimu Apollinarie, aliyewafundisha wale wasichana, hakukaa kuililia. Alisema hivi: "Aliyefanya kosa anajijua kabla yangu. Ukimgusa mwenzako, ukipiga hatua na mpira, inua mkono wako mwenyewe, mchezo usimame. Usipoinua, wenzako watakujua, na kesho hakuna wa kukurushia mpira."

Mwanzoni walidanganyana sana, na ugomvi ukawa mwingi. Baada ya miaka miwili, mkono ulikuwa unapanda wenyewe, kama mtu anayefumba macho vumbi likija. Annonciata alikulia humo. Alijifunza kusimama futi tatu mbele ya mfungaji, mikono juu, bila kumgusa, na kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi yake. Akikosea, mkono juu.

Sasa akaupeleka mkono huo mjini.

*

Fainali ilichezwa Jumamosi mchana. Kawajense walikutana na shule moja ya upande wa Mwamkulu, wasichana wa mashambani, vifua vipana, wanaokimbia bila kuchoka. Watu walizunguka uwanja mpaka kamba ikakaza. Kwenye kivuli cha darasa walikaa walimu wa kamati ya michezo, na mgambo wawili wa kuzuia fujo. Annonciata aliwaona hao mgambo kabla hajaliona goli.

Refa alikuwa Mwalimu Tereza, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, mwenyekiti wa kamati pia. Alipita akikagua wachezaji mmoja mmoja kwa orodha.

"Recho Manyanda."

"Nipo, mwalimu."

"Kucha umekata?"

"Nimekata."

Akapita.

Mchezo ulikuwa mgumu. Mfungaji wa Mwamkulu, Heri, alikuwa na mkono mtulivu, na kila akishika mpira chini ya goli uwanja ulinyamaza. Bao kwa bao walikwenda, mpaka tisa kwa tisa. Hapo Heri akaruka, Annonciata akaruka naye, na kiwiko chake kikamgusa Heri begani. Kidogo tu. Mpira ukagonga chuma ukatoka. Filimbi haikulia.

Mkono wa Annonciata ukapanda juu.

Watu walidhani ameumia. Mwalimu Tereza akasimamisha mchezo, akamwendea.

"Nini?"

"Nimemgusa, mwalimu."

"Mimi sikuona."

"Nimemgusa."

Tereza akamkazia macho, kisha akapiga filimbi, akawapa Mwamkulu adhabu. Heri akafunga. Kumi kwa tisa.

Kicheko kilichotoka pale! "Huyo kahongwa!" "Mpelekeni akaungame kwa padri!" Wenzake wa Kawajense walimtazama kama mtu aliyemwaga uji wa msibani.

Mapumziko, Makoye akamvuta pembeni. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha zaidi.

"Sikiliza, binti. Huku mjini refa ana filimbi. Kazi ya kuona ni yake, kazi ya kucheza ni yako. Ukiinua tena huo mkono, kesho unarudi kulima maharage, na hiyo nafasi yako nampa mwingine. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe nani?"

"Recho."

"Basi cheza kama Recho."

Akarudi uwanjani. Kipindi cha pili alicheza kama mtu anayefukuzwa. Aliruka, akapangua, akanyang'anya. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Zilibaki dakika chache, na Heri akapata mpira karibu kabisa na goli. Annonciata akasimama futi tatu, mikono juu. Heri akanyanyua. Annonciata akaona mpira unakwenda sawa, akajirusha mbele, na kidole chake kikausukuma mkono wa Heri. Mpira ukaenda kando. Filimbi kimya.

Mkono ukaanza kupanda. Aliuhisi unapanda. Akaushusha, akaubana ubavuni kama mtu anayebana kuku asitoroke.

Mpira ukakimbizwa upande wa pili, na Kawajense wakafunga. Kumi na nne kwa kumi na tatu! Uwanja ukalipuka. Watoto wa Kawajense, kama Makoye alivyowaamuru, wakaanza kuimba, wakipiga makofi: "Recho! Recho! Recho!"

*

Sasa, bibi yake Recho, yule Bibi Hana aliyetajwa kizuizini, alikuwa mwanamke wa msimamo. Mchana ule alimkuta mjukuu amejilaza na jipu lake, anasema mwalimu kamwambia asitoke nyumbani.

"Mwalimu gani huyo?" Bibi Hana alisema. "Mtoto wa shule anaikosa fainali ya shule yake kwa ajili ya jipu? Mguu wako unauma, na macho pia?" Akampakia nyuma ya baiskeli, akaisukuma mwenyewe mpaka uwanjani. Walifika mchezo unakaribia kwisha, na kitu cha kwanza alichokisikia ni jina la mjukuu wake linaimbwa.

Akasimama. Akamtazama Recho kwenye baiskeli. Akatazama uwanjani.

"Nyie!" akaita, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Nyie watoto! Recho wangu huyu hapa. Huyo mnayemwimba ni nani?"

Wimbo ukakatika vipande vipande. Mwalimu Tereza akapiga filimbi, mchezo ukasimama. Annonciata alisimama chini ya goli. Wale mgambo wawili walikwishanyanyuka kwenye kivuli.

Makoye akawahi. Alifika anatabasamu. "Shikamoo bibi. Poleni na njia. Mwalimu Tereza, msamehe mama yetu, ni uzee tu. Huyu wa kwenye baiskeli ni mdogo wake Recho, anaitwa Lidia. Bibi anawachanganya."

"Nani anachanganya?" Bibi Hana akasema. "Huyu nimemkata kitovu mwenyewe!"

"Unaona," Makoye akawaambia watu kwa upole, "hata jana alimsahau baba yao."

Watu wakaanza kucheka. "Bibi kapoteza mjukuu!" "Mhesabu vizuri, bibi, usije ukamsahau na wa tatu!" Mwalimu Tereza akainua mkono wakanyamaza. Akainama mbele ya baiskeli.

"Mtoto, jina lako nani?"

Recho akamtazama Makoye. Fimbo ya Makoye ilijulikana Kawajense yote. Akatazama chini, kwenye unyayo wake uliofungwa kitambaa.

"Lidia," akasema.

Bibi Hana akasogea karibu. Alinyoosha mkono akaushika uso wa mjukuu wake, akaupapasa paji la uso, shavu, kidevu, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Lidia?" akauliza, na safari hii alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Annonciata aliyaona yale yote kutoka chini ya goli. Alijua kuna mjini, kuna darasa la saba, kuna sekondari. Alijua kuna mgambo, kuna kibali, kuna baba yake atakayeitwa ofisini. Vyote vilikuwa mbele yake, hatua tatu. Na bibi wa watu alikuwa anaanza kuamini kwamba ana wazimu.

Mkono ukapanda. Safari hii hakuushusha.

"Mwalimu," akasema, na sauti haikutoka. Akarudia. "Mwalimu! Recho ni yule. Bibi hajakosea. Mimi naitwa Annonciata, binti wa Telesfori, wa Mishamo." Kisha, kwa kuwa mkono bado ulikuwa juu, akamalizia: "Na Heri nilimgusa. Mpira ule ulikuwa unaingia."

*

Kikombe kilikwenda Mwamkulu. Makoye aliondoka bila kuaga, na ile nafasi ya darasa la saba akaondoka nayo. Mgambo mmoja akamfuata Annonciata.

"Kibali chako?"

"Sina."

"Basi twende."

"Haendi," Mwalimu Tereza akasema. "Mpaka kesho yuko mikononi mwangu. Nitamwandikia barua, na nitamsindikiza kizuizini mwenyewe."

"Na atalala wapi?"

"Kwangu," Bibi Hana akadakia. "Atalala wapi tena, si ni Recho huyu?" Watu wakacheka, na sasa Bibi Hana alicheka nao. "Hebu lirudie hilo jina lako, mwanangu."

"Annonciata."

"Mh! Refu kama miguu yako."

Kesho yake kizuizini, barua ilipokwisha kusomwa, Mwalimu Tereza akamwuliza, "Nani alikufundisha kuinua mkono?"

"Mwalimu Apollinarie. Sisi hatuna filimbi."

Tereza akaishika filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, kama anataka kuivua. Akafikiri kidogo, akaiachia. "Bora msiwe nayo kwanza," akasema.

Nyumbani, Telesfori alisikiliza habari yote amekaa kwenye kigoda, jembe miguuni. Séverine alikuwa jikoni, haonekani, lakini hata sufuria haikugonga. Alipokwisha kusikia, Telesfori akalisogeza jembe kando.

"Mwana wanje," alisema kwa lugha yao, mwanangu, "hapo uwanjani walikuwepo watu wangapi?"

"Labda mia tano, baba."

"Na ukalitaja jina lako, na langu?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Mimi tangu mwaka sabini na mbili sijalitaja langu mbele ya watu kumi."

Jumatatu aliitwa ofisini kueleza binti yake alitokaje bila kibali. Karani alikuwa na haraka, akasema inatosha, Telesfori tu, aweke dole gumba. Telesfori akasema hapana, andika. Akalitaja jina lake lote, na la baba yake, na la kilima alikozaliwa, polepole, karani akaandika. Binti alizuiwa kutoka makazini mwaka mzima. Baba akakubali, akarudi shambani.

Annonciata alimaliza darasa la saba Mishamo na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Akarudia, akachaguliwa mara ya pili, ameshakuwa mkubwa kuliko madawati. Zamani alikuwa anaitaka Mpanda. Tangu ile safari ya kurudi, juu ya magunia matupu, alitaka kusimama pale aliposimama Mwalimu Tereza, katikati ya uwanja, watu wote wakimngoja aseme kilichotokea.

Akasimama hapo. Alirudi Mishamo akiwa mwalimu, na akapewa michezo. Shule ilikuwa na filimbi mpya, akaiweka kwenye droo chini ya chaki. Wasichana wa darasa la nne walipomwuliza wachezeje sasa bila filimbi, aliurusha mpira juu, akarudi nyuma hatua tatu, akaanza kutazama mikono yao.