Grisi ya Mwakani

Mimi nauza baiskeli zilizotumika, na ninachojua kuhusu baiskeli ndogo ni hiki: hununuliwa na watu wasio na nafasi. Shemeji yangu, fundi wa kufuli, alinunua mbili kwangu wiki aliyomwoa dada yangu. Walikuwa wanahamia chumba kimoja, ghorofa ya nne, ngazi nyembamba kama shingo ya chupa. Magurudumu ya inchi ishirini. Ziliingia uvunguni mwa kitanda zote mbili, na ndoo ikapata pa kukaa. Nilimpunguzia bei kidogo. Si sana, undugu haulipi pango la duka.

Hakuniambia kuwa moja anaitaka kwa mashindano. Angeniambia ningemcheka kwanza, kisha ningemuuzia vilevile.

Mashindano yenyewe ni kilomita mia na ishirini za mawe, mchanga na njia za mifugo, na vijito viwili vya kuvuka. Saa kumi za kumaliza. Ukifika bendera imeshushwa, umetembea tu, jina haliandikwi. Wenzake walipanda magurudumu makubwa yanayopita juu ya jiwe kana kwamba halipo. Gurudumu dogo huingia kila shimo na kusalimia kila jiwe. Tena kwa mwendo uleule huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo grisi ndani ya habu, pale katikati zinapokaa gololi, huchafuka mapema. Ikifika nusu ya njia ni lazima ufungue, ufute, upake upya.

Hiyo ilikuwa kazi ya dada yangu. Alikuwa akishona mifuko ya turubai, na sindano kubwa iliwahi kumpasua kidole gumba cha kushoto, kikapona na mfereji katikati. Siku ya mashindano alipanda baiskeli yake ndogo hadi kituo cha kati na kopo la grisi, na kwa kidole hicho akashindilia. Dakika nne, mumewe akila ndizi mbili amesimama. Watu walikuja kutazama.

"Inchi Ishirini!" walimwita shemeji. "Hiyo umemnyang'anya mtoto wa nani?"

"Mama mtu huyo hapo," alijibu, akimwonyesha dada kwa kidevu. "Kamshitakieni yeye."

Miaka mitano hawakuiwahi bendera. Mwaka wa tano walichelewa kwa dakika sita. Jioni ileile dada alifungua gurudumu la mbele, lile walilolitunza kwa mashindano tu, akalisafisha, akajaza grisi mpya.

"Hili tayari kwa mwakani," akasema, akalitundika msumarini. "Asiliguse mtu. Dakika sita ni kitu gani? Tutazitoa kwenye ndizi."

Mwakani hakufika. Aliugua miezi mitatu, tukamzika.

Baada ya msiba nilizipanda zile ngazi, nikamkuta shemeji amekaa ukingoni mwa kitanda. Nikasema neno ambalo mfanyabiashara hulisema kabla hajafikiri: "Shemeji, sasa nafasi ipo. Chukua gurudumu kubwa, nakupa kwa bei niliyonunulia."

Aliniangalia. "Nafasi ipo," akasema. "Ndiyo inayonishinda."

Alitaka jambo moja: kuiwahi bendera kwa gurudumu lile, mara moja tu, kisha aache. Nikajitolea kumpakia grisi.

"Wewe? Mikono yako inajua kupokea tu. Nitapaka mwenyewe. Wewe shika ndizi."

Basi nikafunga duka, nikaenda kushika ndizi. Alifika kituo cha kati akiwa na dakika nane za ziada, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akachomoa gurudumu, akalegeza nati, akatoa gololi, akachungulia ndani. Kisha akaganda.

"Shemeji, futa! Muda!"

Hakufuta. Alizirudisha gololi zilezile, na mchanga wake, akakaza nati.

"Hujapaka!"

"Iko sawa."

"Sawa wapi? Hata mimi simdanganyi mteja hivyo!"

Akaondoka, ndizi zimebaki mkononi mwangu.

Zikiwa zimebaki kilomita kumi na saba gurudumu lilikwama. Alikuja kwa miguu, amenyanyua baiskeli mbele, ikitembea kwa gurudumu la nyuma. Mimi nilishatangulia mwisho wa njia; tulimwona wakati mtunza muda anakunja meza.

"Pole, Inchi Ishirini," mtunza muda akasema. "Na mama leo umemwacha wapi?"

Shemeji akapangusa uso kwa kiwiko. "Amebaki nyumbani."

Nilikasirika, sifichi. Siku nzima ya biashara imekwenda, na mtu kajiangusha mwenyewe. Wiki iliyofuata akaja dukani na lile gurudumu, akaliweka mezani.

"Safisha wewe, shemeji. Mimi nilishindwa."

Akakaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo akanipa mimi.

Nikafungua. Gololi zilikuwa zimesagika, kingo zote mchanga mtupu. Lakini katikati kabisa ya habu, gololi zisikofika, grisi ya mwaka jana ilikuwa bado imesimama, safi, na ndani yake pamebonyea alama ya kidole gumba. Katikati ya pale palipobonyea palikuwa na tuta jembamba, la mfereji ule.

Ningeweza kumpa habu nyingine, hiyo nikaiweka. Niliwaza hivyo, na mimi si mtu wa kuwaza kutoa kitu bure. Lakini hakuniomba kuweka. Aliniomba kusafisha, na grisi iliyozungukwa na mchanga ukiiacha, kilomita kumi mbele itakukwamisha tena. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa. Mara ya kwanza haikutoka yote. Nikarudia.

"Umemaliza?" akauliza, hajageuka.

"Nimemaliza."

"Kulikuwa na nini?"

"Mchanga," nikasema. "Mchanga tu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyanyuka, akaomba kopo la grisi na gololi mpya, akainamia meza yangu, akaanza kushindilia mwenyewe, taratibu, akitoa na kurudia. Ilimchukua dakika kumi na moja. Nilihesabu, sikumwambia.