Mlango wa Bluu Nyuma ya Madrasa

Saa kumi na mbili asubuhi, Opa Hosiyat ananyunyiza maji mbele ya mlango usiozidi kimo cha bakuli lake la chai, kisha anafagia kizingiti kwa brashi ya rangi. Ndivyo wanawake wa Bukhara wanavyoamkia milango yao. Ila nyumba hii haina mtu ndani.

"Fagia vizuri, Opa," anamtania Normat, fundi umeme. "Wenyeji wa humo ni wadogo, lakini wana maneno."

Opa, yaani dada mkubwa, anacheka. Ghafla kivuli kinamfunika. Meneja Botir amesimama nyuma yake, na hajamsalimia. Hapa, mtu asiyesalimia ana jambo.

Katika bustani hii ya mifano ya majengo, misikiti na ngome za nchi nzima zinamfikia mtu kiunoni. Hosiyat, mwenye miaka hamsini na minane, ndiye anayezifinyanga na kuzibandika vigae. Alipoujenga mfano wa madrasa ya mtaani kwake, aliweka pia nyumba za udongo zilizoegemea ukuta wake wa nyuma. Mojawapo aliipaka mlango wa bluu. Ndiyo iliyokuwa nyumba yake mwenyewe.

Nyumba halisi zilibomolewa miaka minne iliyopita, ili wageni waione madrasa vizuri. Yeye na mumewe walipewa chumba ghorofa ya sita. Mume hakufikisha majira ya baridi ya pili.

"Ghorofani hakuna kizingiti," anasema Hosiyat. "Ukifagia, vumbi linakwenda kwa jirani."

Siku buldoza lilipofika, aliwatandikia wabomoaji godoro, akawamiminia chai. Mgeni mlangoni hafukuzwi. Walikunywa, wakainua viganja kumwombea baraka, kisha wakawasha mashine.

Sasa Botir anamweleza kwa upole kwamba mfano lazima ufanane na hali halisi, na Ijumaa kuna wakubwa wanakuja. Nyumba ziondoke. Nani azing'oe, kama si mikono iliyoziweka?

Normat anajifanya anatafuta waya. Hosiyat anakung'uta magoti, anaokota birika lake na kulifunika kwa kitambaa.

"Mwanangu Botir," anasema, "wale wa kwanza niliwapa chai, nikanyamaza, kwa kuona haya. Mume wangu alikufa akiniuliza kwa nini. Wajukuu zangu watauona mlango aliotokea mama yao siku ya harusi. Nyumba hii siing'oi. Na leo chai yangu hunywi."