Samaki Wamerudi Ziwani

Leo nimesaidia kumwaga bidhaa ziwani.

Nilikwenda kuandaa habari ya redio kuhusu Salumu, anayeuza Ulaya samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika. Faida yake humlipa Evariste, mvuvi wa hapa, na wenzake walinde miamba wanakozaliana, wasiruhusu nyavu.

Ndege ya kuwasafirisha haikuja. Kuna mapigano karibu na uwanja wa ndege.

Samaki wangekufa kwenye mifuko ya plastiki, tukawarudisha kwa mtumbwi.

Evariste alikuwa peke yake mwambani; wenzake wamekimbilia ng'ambo ya ziwa. Alidhani tumeleta mshahara, akapunga mkono. Kisha akaiona mifuko.

Akatusaidia kuwamwaga, polepole.

"Muzee, mshahara hakuna. Kesho nitege wavu hapa?" Evariste akauliza.

"Apana," Salumu akajibu. "Ungoje ndege."

"Ndege ya siku gani?"

"Uliza huyu wa redio."

Wakanitazama. Nilikuwa nimeshika mfuko mtupu.

Nyinyi mngemjibu nini?